Kidole Kimoja cha Adabu

Umeme ulikatika Jumanne jioni,
lifti ikakwama na mkate wa Guram ndani,
kati ya ghorofa ya tano na ya sita.
Mkate tu. Yeye alikuwa ametoka kuokota kofia.

Tbilisi, majira yale ya baridi, hatukuuliza utarudi lini.
Tuliuliza: mafuta ya taa yamebaki vidole vingapi?
Mama aliinua chupa dirishani, kwenye weupe wa theluji,
akasema, "Viwili. Kimoja cha supu, kimoja cha adabu."
Adabu ilikuwa kahawa.

Buni aliileta mjomba Avto toka Batumi,
gramu mia mbili ndani ya soksi,
kabadilishana na viatu vyake vya harusi.
"Ndoa ninayo tayari," alisema, "viatu vya nini?"
Mkewe hakucheka.

Kisagio cha umeme kilikaa rafuni
kama mgeni asiyejua lugha.
Tukashusha cha bibi: bomba la shaba, mpini unaolia.
Nikakibana magotini, nikazungusha
mara mia na arobaini; ikizidi, alisema mama, unasaga shaba.
Nilihesabu kwa sauti. Gizani hesabu ndiyo macho.
Harufu ikatangulia, ikapenya chini ya mlango,
ikashuka zile ngazi tulizoziogopa sisi.

Maji baridi, finjani moja kwa kila mtu
na moja ya asiyetarajiwa.
Sukari, kama ipo. Ilikuwepo nusu kijiko.
Kahawa juu yake, na usikoroge:
"Mwache aingie majini kwa hiari."
Chini ya mdila, moto wa ukubwa wa kucha.
Kisha unasubiri kwa sikio.
Kwanza kimya.
Halafu mchakacho, mtu anatembea juu ya mchanga chumba cha pili.
Halafu kimya kingine, kizito, na hapo ndipo unaondoa.
Ukichelewa pumzi moja povu limekwenda,
na kahawa isiyo na povu, kwa mama, ni maji yaliyofiwa.

Guram alibisha hodi, kofia mkononi.
Nyuma yake Tsiala wa ghorofa ya saba, koti juu ya koti,
finjani yake mwenyewe mfukoni.
"Nilikuwa napita tu," alisema.
Juu yetu palikuwa na paa na theluji. Hatukuuliza alikuwa anapita kwenda wapi.

Mchakacho ukaanza. Mama akanyosha kidole.
Tukanyamaza, hata Guram.
Na hapo, kwa ubaya wake wote, umeme ukarudi.

Mtaa mzima ukapiga kelele: "Umekuja!"
Redio ikaamka katikati ya sentensi,
friji ikakohoa, Tsiala akakumbuka pasi,
Guram akatimua mbio kuuwahi mkate,
na mama akainua uso kwenye balbu, mara moja tu,
kama msichana aliyeitwa jina.

Kahawa ikafurika.
Ikazima utambi, ikalia juu ya bati,
ikatiririka hadi kwenye kadi zetu za mgao.

Dakika kumi na moja.
Kisha giza, na toka kwenye shimo la lifti sauti ya Guram,
kati ya ghorofa ya tano na ya sita,
safari hii pamoja na mkate wake.

Mama hakusema kitu. Alikwangua mashapo kwa kijiko,
akaongeza maji, akawasha kidole cha supu.
Tulishuka kwa kupapasa ukuta, finjani ndani ya skafu yangu,
tukampitishia kwenye mwanya wa mlango.
Tukasikia anameza.
"Haina povu," alisema.
"Kunywa," alisema mama.
Akanywa yote. Akatumegea mkate, vipande vikatoka mwanyani
kimoja kimoja, vina baridi.
Kisha akarudisha finjani, imepinduliwa kama desturi:
"Haya, nisomee. Mashapo yanasemaje?"

Hapakuwa na mshumaa. Mama alipitisha kidole ndani,
akakilamba.
"Naona safari," alisema. "Lakini si leo."